Neno Linaloita Jibu: Nafsi ya Mtunzi na Nafasi ya Msomaji katika Kujibizana kwa Kishairi

Utangulizi

Uhakiki wa maandishi ya nafsi katika Kiswahili, yaani maandishi ambamo mtunzi huzungumzia maisha, maoni na machungu yake mwenyewe, umezoea kuuliza maswali mawili. La kwanza ni kama mtunzi anasema kweli juu ya nafsi yake. La pili ni kama kweli hiyo ameisema kwa lugha inayovutia. Maswali haya ni ya msingi wala hayafai kupuuzwa. Hata hivyo, hayatoshi kueleza jambo ambalo historia ya fasihi ya Kiswahili imelidhihirisha mara nyingi: kwamba zipo tungo ambazo husomwa, zikasifiwa, kisha zikanyamaziwa, na zipo nyingine ambazo, pengine bila ya kuzishinda zile za kwanza kwa ufundi, humfanya msomaji atafute kalamu ili naye aseme lake. Tofauti baina ya msomaji anayesifu na msomaji anayejibu haijapewa uzito unaostahiki.

Makala haya yanachunguza tofauti hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba kinachoita jibu si wingi wa siri ambazo mtunzi anazifichua kuhusu maisha yake, wala si ukamilifu wa sanaa yake, bali ni nafasi anayomwachia mwenzake ndani ya utungo. Nafasi hiyo ina nguzo tatu. Ya kwanza ni dai ambalo mtunzi amejifunga nalo kiasi kwamba likivunjwa naye atavunjika heshima. Ya pili ni kuwapo kwa anayeambiwa ambaye ni mahususi. Ya tatu ni umbo la utungo ambalo anayejibu anaweza kulishika na kulitumia. Nguzo hizi zitaonyeshwa kwa kurejelea desturi ya kujibizana, kuanzia kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa hadi kwenye kurasa za magazeti ya karne ya 20, kisha zitapimwa kwa kazi mbili ambazo yamkini zinazikaidi, yaani Kichomi ya Euphrase Kezilahabi na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla.

Istilahi ya kujibizana si ngeni katika uhakiki. Ann Biersteker aliifanya kuwa kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1996, akaihusisha na masuala ya lugha na mamlaka katika ushairi wa karne ya 19 na ya 20. Nao wananadharia wa upokezi wa Ujerumani, hasa Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, walisisitiza tangu miaka ya 1960 na 1970 kwamba maana ya matini haikamiliki pasipo msomaji, na kwamba matini yenyewe huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza. Nadharia hii inafaa, ila ina upungufu mmoja inapoletwa katika mazingira ya pwani ya Afrika Mashariki. Msomaji wa Iser hulijaza pengo akilini mwake, faraghani, akiwa kimya. Msomaji wa shairi la malumbano hulijaza hadharani, kwa jina lake, kwa beti zinazohesabika mizani, mbele ya watu watakaomcheka zikipungua. Kwa huyu wa pili, kusoma na kutunga ni vitendo viwili vilivyo karibu mno.

Dai lililomfunga mtunzi

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, anayekadiriwa kuishi kati ya mwaka 1776 na 1840, husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni. Sifa hiyo hutajwa sana hata ikakaribia kupoteza maana. Inafaa kuulizwa: ni nini hasa kilicholetwa sokoni? Si mada za kidunia peke yake, yaani mapenzi, ukata, ulafi, ugomvi wa nyumbani na siasa za mji. Kilicholetwa ni mtu mwenye jina na mtaa, anayesimama mahali panapojulikana na kutoa neno ambalo wanaomsikiliza wanaweza kumrudishia. Msikitini, waadhi hausubiri kukanushwa. Sokoni, kila bei ina mpinzani wake.

Mfano ulio wazi ni wa mabishano baina ya Mombasa na Lamu katika muongo wa pili wa karne ya 19. Muyaka alikuwa upande wa Wamazrui waliotawala Mombasa, ambao kwa kushirikiana na Pate walitaka kuitiisha Lamu. Katika beti zake alitamba, akatisha na kudhihaki. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi, ambaye alijibu ubeti kwa ubeti. Mashairi haya yalisafiri na vyombo vya pwani, yakasikika pande zote mbili. Vita vyenyewe vilipopiganwa Shela, Lamu ikashinda, na baadaye ikatafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Hapo inabainika uzito wa dai la Muyaka: hakuwa amesema jambo la jumla kuhusu ushujaa, ambalo lingebaki kuwa kweli nani ashinde nani ashindwe. Alikuwa ameweka rehani jina lake na la mji wake. Shela ilitoa jibu ambalo hapana beti ingeweza kulikanusha, naye aliendelea kutunga akiwa mtu ambaye maneno yake yaliwahi kupimwa na matukio.

Kutokana na mfano huu inawezekana kutofautisha dai na tamko. Tamko ni kauli ambayo hata kama imetolewa kwa sauti ya nafsi ya kwanza, haimgharimu msemaji chochote. Mshairi anayesema kwamba elimu ni taa au kwamba dunia ni mapito hana wa kumjibu, kwa kuwa hana wa kumpinga. Msomaji huitikia kwa kichwa, akapita. Dai, kinyume chake, ni kauli ambayo msemaji ameiingia mzimamzima: mimi nimependa mahali fulani, mimi sitaliacha jambo fulani, mimi nasema mji huu hautashinda. Anayejibu huwa hajibu kauli tu, bali humjibu mtu aliyeko nyuma ya kauli hiyo. Ndiyo sababu maandishi yaliyojaa mawaidha sahihi yanaweza kukosa jibu hata moja, ilhali shairi fupi lenye kosa ndani yake likajibiwa na watu kumi.

Jambo hilo linathibitishwa na kisa cha washairi wawili wa Pemba, Kamange na Sarahani, walioishi baina ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kamange alijulikana kwa tungo za mapenzi zilizotangaza waziwazi matamanio na mikasa yake. Sarahani, aliyekuwa mtu wa dini na elimu, alimjibu na kumwonya. Lau Kamange angeandika juu ya mapenzi kwa jumla, Sarahani asingekuwa na la kuonya. Angalisifu ufundi, basi. Onyo lilipatikana kwa sababu palikuwa na mtu aliyekiri. Wala onyo halikuufuta urafiki wao. Kinyume chake, lilikuwa ni mojawapo ya njia za kuuendesha.

Anayeambiwa

Nguzo ya pili inahusu yule anayeambiwa. Inaelekea kuwa kanuni inayokwenda kinyume na matarajio kwamba kadiri anayeambiwa anavyokuwa mahususi, ndivyo wasomaji wengi zaidi wanavyojiona kuwa wameitwa. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni ushahidi mzuri. Mtunzi wake, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima usia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Anayeambiwa ni msichana mmoja katika nyumba moja. Ni kuelekea mwisho tu ndipo mama anapowaalika wanawake wengine nao wausome. Pamoja na hayo, katika tendi zote za pwani ni chache zilizozua mjadala mrefu kuliko huu. Wapo waliouchukulia kuwa kielelezo cha utiifu, wapo walioulaumu kwa kumfunga mwanamke, na wapo wanaoona ndani yake werevu wa mama anayemfundisha mwanawe jinsi ya kuishi katika jamii ambayo hana uwezo wa kuibadilisha.

Mjadala huo unawezekana kwa sababu ya umahususi wa utendi wenyewe. Maneno ambayo mama mgonjwa anamwambia binti yake hayana budi kuwa na mambo ambayo hayakuelezwa, kwa kuwa wao wawili wanayajua. Msomaji wa nje huyaona mapengo hayo na kutaka kuyajaza. Je, mama alikuwa akiamini kila alilolisema? Je, binti aliitikia vipi? Utendi ungeandikwa kwa ajili ya wanawake wote tangu ubeti wa kwanza, kila jambo lingefafanuliwa, na pasingesalia la kuulizwa. Kwa ufupi, anayewaandikia wote huwa amewajibia wote.

Maisha Yangu ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1949 na ambayo baadaye iliunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini katika toleo la mwaka 1966, inaruhusu ulinganishi ndani ya kazi moja. Kitabu hiki kina kurasa ambazo mwandishi anajitazama kama mfano wa uadilifu na kuutolea mafunzo kila mkasa unaompata. Kurasa hizo zina lugha safi na fikra za kuheshimika, lakini humwacha msomaji akiwa mwanafunzi. Kitabu hichohicho kina maombolezo ya mkewe, Amina, pamoja na tenzi mbili za usia, wa Hati kwa binti na wa Adili kwa mwana wa kiume. Katika maombolezo, mwalimu ananyamaza. Anayebaki ni mume anayemwita aliyetoweka. Hapo msomaji hafundishwi kitu, na hiyo ndiyo sababu ana la kusema.

Ni kweli kwamba hapana anayejibu tanzia kwa kuikanusha. Hapa inafaa kutambua aina mbili za jibu. Lipo jibu la kupinga, kama lile la Zahidi Mngumi, na lipo jibu la kushiriki, ambalo katika maisha ya kila siku huitwa rambirambi: aliyefiwa husema, na mwenzake aliyewahi kufiwa husema na yake. Ubishi si sharti la kujibizana. Sharti ni kwamba maneno ya wa kwanza yawe yametoka mahali ambapo wa pili anaweza kupatambua bila ya kupamiliki. Hakuna msomaji aliyekuwa mume wa Amina. Wasomaji wengi wamewahi kuliita jina la mtu asiyeweza kuitika.

Umbo linaloshikika

Nguzo ya tatu ni umbo. Katika mapokeo ya malumbano, anayejibu mara nyingi hufuata bahari ya shairi analolijibu, akatumia mizani ileile na pengine vina vilevile, na mara nyingine hukichukua kibwagizo cha mwenzake na kukigeuza maana. Desturi hii huelezwa katika vitabu vya shule kama pambo. Ukweli ni kwamba ina kazi. Mishororo minne yenye mizani kumi na sita ni kama uwanja ambao mistari yake imekwisha chorwa. Anayekuja hana haja ya kubuni uwanja mpya kabla ya kucheza. Aidha, usawa wa umbo huwawezesha wasikilizaji kulinganisha. Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliziweka wazi kanuni ambazo, pamoja na mengine, ziliwawezesha watu wasiojuana kushindana kwa haki.

Katika umbo hilo fumbo lina nafasi ya pekee. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na kuligangua fumbo kishairi ni kulijibu. Mshairi anayefumba huwa amekubali kwamba utungo wake hautakamilika mpaka mwingine aje. Ila kuna mpaka: fumbo lisilo na ufunguo wowote si fumbo bali ni ukuta. Fumbo zuri ni mlango ulioegeshwa.

Magazeti yaliipanua desturi hii kupita mipaka ya mji na ya watu wanaojuana kwa sura. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923 mjini Dar es Salaam, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na washairi waliokuja kuvuma, akiwamo Shaaban Robert, walipitia kurasa zake. Katika Kenya, Taifa Leo nalo limekuwa uwanja wa aina hiyo kwa muda mrefu. Kurasa hizi zilikuwa na mambo mawili ambayo hayakuwa sokoni Mombasa. La kwanza ni mhariri, ambaye huchuja na hivyo huwa hadhira ya kwanza, na katika gazeti la serikali huwa pia mlinzi wa mipaka ya yanayoweza kusemwa. La pili ni muda. Msomaji wa gazeti la mwezi aliyetaka kujibu hakuweza kutokea kabla ya toleo jingine. Kuchelewa huko hakukuua malumbano; huenda kulikuwa na manufaa, kwa kuwa hasira ilipata wakati wa kupoa na kugeuka hoja, na aliyejibu alijua kwamba wengine nao walikuwa wakiliandaa jibu lao. Jina la mtunzi na la mahali alipo, yakichapishwa pamoja na shairi, yalihifadhi katika karatasi ile hali ya zamani ya mtu kusimama mahali panapojulikana.

Umuhimu wa umbo linaloshikika unaonekana zaidi pale linapokosekana. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, ilizua mojawapo ya mabishano makali zaidi katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Mtu angeweza kudai kwamba kazi hiyo inaipinga hoja ya makala haya, kwa kuwa iliacha mizani na vina lakini ikapata majibu tele. Ukichunguza majibu hayo, hata hivyo, utaona kwamba mengi yaliuliza kama maandishi yale ni mashairi au si mashairi. Lilikuwa ni swali halali, na mjadala wake uliupanua ushairi wa Kiswahili. Lakini jina la diwani lenyewe ni la maumivu yanayochoma kifuani, na nafsi inayosema humo ni ya mtu mwenye upweke, mashaka na hasira juu ya hali ya jamii yake. Kuhusu maumivu hayo majibu yalikuwa machache mno yakilinganishwa na yale yaliyohusu vina. Wasomaji waliokuwa na mazoea ya kujibu shairi kwa shairi hawakuona pa kulishika lile lililokuwa mbele yao, hivyo wakalijadili badala ya kulijibu. Hili si kosa la Kezilahabi peke yake; ni gharama ya kuanza umbo jipya mahali ambapo umbo la kale lilikuwa ndilo daraja la mazungumzo. Washairi waliomfuata wakiandika kwa mtindo huru walianza kulijenga daraja jingine, na hiyo ni sehemu ya mafanikio yake.

Utungo usioweza kujibiwa

Mtihani mkubwa zaidi ni ule wa Sauti ya Dhiki. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa kisiasa wenye jina la swali, Kenya: Twendapi? Swali hilo liliwaita wananchi wajibu. Waliotangulia kujibu walikuwa ni watawala, na jibu lao lilikuwa kifungo, kilichomweka gerezani kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi ya diwani iliyotoka mwaka 1973 aliyatunga humo kwa siri, bila ya msomaji, bila ya mhariri na bila ya tumaini la hakika kwamba yangefika nje. Kama thamani ya maandishi ya nafsi ingepimwa kwa majibu yanayopatikana, mashairi hayo siku ya kutungwa kwake yalikuwa na thamani ya sifuri.

Ajabu ni kwamba hapana diwani ya karne ya 20 iliyojaa kujibizana kuliko hii. Shairi la "Siwati" ni kukataa, na kukataa hakuwezekani pasipo sauti nyingine iliyotangulia kushawishi au kuamuru. "N'shishiyelo ni Lilo" ni jibu la mtu aliyeulizwa kama bado anashikilia msimamo wake. "Kuno Kunena" linauliza juu ya adhabu iliyotokana na kusema. "Mnazi: Vuta N'kuvute" limejengwa kwa mabishano ya wahusika wawili wanaogombea mnazi, kiasi kwamba msomaji analetewa malumbano yaliyokamilika na kuachiwa kazi ya hakimu. "Mamba" ni fumbo ambalo ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa kila Mkenya wa enzi hizo. Nguzo zote tatu zimo: dai lililomgharimu mtunzi uhuru wake, waambiwa mahususi, na bahari za Kiswahili ambazo mtu yeyote aliyelelewa katika ushairi huo angeweza kuzishika.

Inabainika basi kwamba kuita jibu ni sifa ya utungo wenyewe kabla ya kuwa tukio katika maisha ya utungo huo. Mfungwa hakuwa na wa kumjibu, lakini alitunga kama mtu anayejua kwamba anadaiwa jibu na kwamba naye anadai. Ni hali hiyo iliyoyafanya mashairi yake yaendelee kusomwa na kurejelewa na vizazi ambavyo havikuyashuhudia matukio ya 1968. Diwani ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Tuzo hiyo, iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi, iliisifu lugha na ufundi. Swali la twendapi halikujibiwa nayo. Sifa na jibu, kama ilivyodokezwa mwanzoni, ni vitu viwili.

Utofautisho huu una faida nyingine, kwani unamkinga mhakiki dhidi ya kosa la kuchukua wingi wa majibu kuwa kipimo cha ubora. Tusi nalo huitikiwa, tena upesi kuliko fumbo, na debe tupu haliachi kuvuma. Mtunzi anayetaka kusikika anaweza kuwachokoza watu kwa kashfa, na watamrudishia. Njia ya kulipima jibu ni kuliondoa mahali pake na kuliweka mbele ya utungo mwingine. Likiwa linafaa huko vilevile, halikuwa jibu bali kelele iliyotafuta pa kutulia. Beti za Lamu haziwezi kuhamishwa kutoka kwa zile za Mombasa, wala maonyo ya Sarahani kutoka kwa maungamo ya Kamange. Jibu la kweli hulihitaji neno lililoliita.

Hitimisho: jibu kama sehemu ya kazi

Hoja hii haiishii katika nadharia. Ina athari katika namna tungo zinavyohifadhiwa na kufundishwa. Mashairi ya Muyaka yaliokolewa kwa juhudi za W. E. Taylor na kwa kumbukumbu na elimu ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, yakachapishwa na W. Hichens mjini Johannesburg mwaka 1940 kama diwani ya Muyaka. Mohamed H. Abdulaziz aliyarudisha katika mazingira yake ya kijamii na kisiasa kwa utafiti wake wa mwaka 1979. Deni la wasomaji kwa watu hawa ni kubwa. Lakini dhana yenyewe ya diwani, yaani mkusanyo wenye jina la mtu mmoja, haina budi kuwaweka pembeni wale waliomjibu mtu huyo. Wanaingia kama maelezo ya kusaidia, ilhali katika uhai wa mashairi walikuwa ni nusu ya kazi. Yamkini hata kumbukumbu iliyoyahifadhi mashairi hayo kwa miongo kadhaa ilisaidiwa na majibu, kwa kuwa shairi lenye mwenzake hukumbukwa kwa kuvutwa na huyo mwenzake.

Mwaka 2011 kilitoka kitabu kilichoelekea upande mwingine. Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, kimewaweka washairi wawili chini ya jalada moja. Mhariri wake ni Abdilatif Abdalla, yuleyule aliyetunga gerezani bila ya mtu wa kumjibu. Yafaa mfano huo uigwe. Kurasa za mashairi za magazeti ya zamani zina malumbano mengi ambayo yakinyofolewa shairi mojamoja kwa ajili ya mikusanyo yatabaki kuwa maswali bila majibu, au majibu yasiyojulikana yalijibu nini. Anayezipitia kurasa hizo hana budi kuandika si jina la mshairi na tarehe tu, bali pia ni nani aliyemjibu, katika toleo lipi, na kama wa kwanza alirudi tena uwanjani.

Darasani pia pana la kufanywa. Malumbano na ngonjera hutajwa katika orodha ya aina za mashairi, mwanafunzi akakariri fasili, akahesabu mizani, akaonyesha vina. Ni nadra kuombwa ajibu. Mwanafunzi aliyetunga beti tatu kumjibu mshairi aliyemkasirisha ameelewa shairi hilo kwa namna ambayo uchambuzi wa kurasa kumi huenda usiifikie, maana amelazimika kutafuta mahali ambapo mwenzake alimwachia nafasi, akasimama hapo kwa jina lake. Uhakiki wa maandishi ya nafsi utakuwa umepiga hatua pale utakapoacha kuridhika na swali la mtunzi amejifunua kiasi gani, na kuanza kuuliza amemwachia nani nafasi ya kusema.